Tupeane uzoefu: kuchapa majani kwa matabaka, kwa stensili na rangi ya akriliki

Mwanzisha mada

Ndugu wanajamvi, naomba uzi huu tuutumie kukusanya yale ambayo kila mmoja wetu ameyapitia katika kuchapa majani kwa matabaka, yaani kuweka rangi ya akriliki juu ya rangi nyingine, na jani juu ya umbo la stensili (kiolezo chembamba kilichokatwa uwazi wa kupitisha rangi), mpaka karatasi moja ibebe kina ambacho uchapaji wa mara moja hauwezi kukitoa. Vifaa vinajulikana: bamba la jeli (kipande bapa, laini na chenye kunepa, kinachopakwa rangi kisha kugandamiziwa karatasi), rola ya mpira, rangi, stensili, majani na karatasi. Ninachoomba tuelezane ni maamuzi. Rangi ipi hutangulia kwako, jani huliweka wakati gani, na ni kiasi gani cha tabaka la chini unakiacha kionekane?

Naanza mimi. Karatasi yangu huanza na msingi wa rangi nyepesi uliochapwa karatasi nzima, kwa kawaida manjano au kijivu chenye joto kidogo, na msingi huo nauacha ukauke kabisa kabla ya kuendelea. Jani huingia katika tabaka la pili. Napaka rangi kwenye bamba kwa rola mpaka ubaki utando mwembamba, kisha nalilaza jani mgongo wake ukiwa chini, kwa kuwa upande huo ndio wenye mishipa iliyoinuka. Karatasi ya kwanza ninayoigandamiza juu yake hutoka na umbo la jani likiwa tupu katikati ya rangi. Hapo wengi hufuta bamba, ilhali kilicho bora zaidi bado kimo. Nalinyanyua jani kwa kibano, na chini yake nakuta rangi ambayo karatasi haikuifikia, ikiwa imepigwa chapa ya mishipa yote: mshipa mkuu, matawi yake, na ule wavu mwembamba unaoyaunganisha matawi hayo hadi ukingoni. Juu ya rangi hiyo naweka ile karatasi yenye msingi mkavu, naisugua kwa kiganja, nayo hutoka na jani zima, huku manjano ya chini yakionekana katika kila mstari wa mshipa. Kazi hii haisubiri, kwa sababu akriliki ikiwa nyembamba hukauka ndani ya dakika chache. Penye hewa kavu napuliza maji kidogo sana kwenye karatasi, si kwenye bamba.

Stensili naiweka mwisho, na naitumia sehemu ndogo tu, pengine pembeni mwa jani au kukatiza ncha yake. Msimamo wangu ni kwamba tabaka jipya lisipoacha mahali pa kuonea lililotangulia, matabaka yamekwisha na imebaki rangi ya mwisho peke yake. Karibuni.

Kangaga

Nakubaliana nawe kuhusu ile karatasi ya pili, na ningependa kuongezea upande wa majani yenyewe, kwa maana hapo ndipo kazi huharibika au kufaulu hata kabla ya rangi kufunguliwa.

Jani likiwa bichi kabisa halilali sawasawa, na maji yake huipunguza rangi uzito. Likiwa kavu kabisa huvunjika vipande na kuacha makombo kwenye bamba. Mimi huyachuma na kuyabana kati ya kurasa za kitabu kizito kwa siku moja, basi. Yanatoka bapa lakini bado yananepa. Kikonyo kikiwa kinene nakipasua kwa wembe ili kipungue unene, kwa sababu uvimbe wake huinua karatasi na kuacha ukanda mweupe kila upande wa mshipa mkuu. Chochote chenye miiba hakigusi bamba langu, kwa kuwa mkwaruzo mmoja kwenye jeli utaonekana katika kila chapa itakayofuata. Mimea yenye utomvu mweupe naiepuka pia, kwani mingi inawasha ngozi na ni hatari machoni.

Kangaga ndiyo niipendayo kuliko mimea yote, kama jina langu linavyoonyesha. Jani lake ni jembamba, bapa tangu linapochumwa, na limegawanyika vidole vidogo vidogo vinavyoruhusu rangi ya chini ipite katikati yake. Ukilichapa juu ya umbo la mviringo lililochapwa kwa stensili, mviringo huo unaonekana kupitia nafasi hizo zote, na macho yanaamini kwamba uko nyuma ya mmea.

Niseme jambo moja la kihistoria. Katika miaka ya 1730 Benjamin Franklin, aliyekuwa mchapaji huko Pennsylvania, alichapa noti za makoloni ya Marekani zikiwa na picha za majani halisi, kwa hoja kwamba mghushi asingeweza kuunakili kwa mkono wavu wa mishipa ulio tofauti katika kila jani. Kila ninapolinyanyua jani kutoka kwenye bamba naielewa hoja hiyo kwa macho yangu.

Mkata Karatasi

Kwangu stensili hutangulia, kwa hiyo natofautiana kidogo na Ndugu Mwanzisha mada. Stensili ikija mwisho, kingo zake kali huvuta macho na jani hubaki nyuma. Ikitangulia, maumbo yake mapana hujenga uwanja, kisha jani halisi lenye mishipa laini huja juu na kumiliki karatasi.

Stensili zangu nazikata mwenyewe kutoka katika plastiki nyembamba ya poliesta. Nalichora jani kubwa kwa mistari michache, sishughuliki na mishipa midogo, kisha naamua mapema madaraja yatakaa wapi, yaani vile vipande vyembamba vinavyoshikilia sehemu za ndani zisidondoke. Katika kuchora mmea, daraja huweza kuwekwa pale ambapo mshipa mkuu unapita, likaonekana kuwa sehemu ya jani na si kasoro ya ukataji. Mafundi wa Japani waliokata stensili za kuchapia vitambaa, ziitwazo katagami, walitumia karatasi ya mforosadi iliyotiwa utomvu wa tunda la persimoni ili isilowe, na pale madaraja yalipokuwa membamba kupita kiasi walizitia nguvu kwa nyuzi za hariri.

Kile kipande kinachodondoka baada ya kukata msikitupe. Uwazi na kipande ni ndugu wawili wanaofanana barabara: uwazi unachapa jani, na kipande kinalikinga jani hilohilo wakati unapochapa rangi pembeni yake. Mimi hukisogeza kipande kidogo upande mmoja katika tabaka linalofuata, kiasi cha unene wa ukucha, na pale ambapo hakikufunika hubaki ukanda mwembamba wa kivuli unaoliinua jani kutoka kwenye karatasi.

Kuhusu rangi kupenya chini ya kingo za stensili, chanzo karibu siku zote ni rangi nyingi au nyepesi mno. Sponji iguse rangi, kisha igongwe kwenye karatasi ya pembeni mpaka iwe karibu kukauka, ndipo iguse stensili, tena kwa kugonga wima wala si kwa kuburuta.

Mchanganya Rangi

Hoja ya nani atangulie kati ya stensili na jani inategemea sana rangi yenyewe, na nashangaa kwamba hatujaifikia.

Kuna rangi zinazofunika na kuna rangi zinazopitisha mwanga. Nyeupe ya titani, rangi nyingi za kadimi na zile za oksidi ya chuma hufunika. Bluu ya thalo na nyekundu na zambarau za kwinakridoni hupitisha mwanga. Tyubu nyingi za wachoraji huwa na mraba mdogo: ukiwa mtupu, rangi hiyo inapitisha mwanga, ukiwa umejazwa nusu, iko katikati, ukiwa umejazwa wote, inafunika. Mraba huo mdogo una maana kuliko jina la rangi. Anayeweka stensili juu kwa rangi inayofunika atazika jani, lakini akitumia bluu ya thalo iliyochanganywa na midiamu angavu, yaani kimiminiko cha akriliki kisicho na rangi, stensili hiyohiyo italivika jani rangi mpya na mishipa yote itabaki inasomeka. Kwa hiyo ndugu zangu wawili hapo juu mnaweza kuwa sahihi nyote.

Tahadhari yangu ni juu ya rangi zinazokinzana. Nyekundu juu ya kijani, au zambarau juu ya manjano, zikikutana eneo pana hutoa kahawia isiyo na uhai, na kila tabaka linaloongezwa hulizidisha tope hilo. Nakaa na rangi mbili zinazokaribiana, kwa mfano bluu na kijani, kisha ile inayokinzana naipa nafasi ndogo tu, pengine vitone vya stensili. Karatasi ikishakuwa nzito mno, utando mwembamba wa nyeupe iliyochanganywa na midiamu huirudisha nyuma na kuifungulia nafasi ya jani jipya.

Mwanafunzi wa Chapa

Asanteni sana walimu wangu. Nina swali. Nimeona kazi ambamo matabaka yote yalikaukia kwenye bamba, kisha yakatoka kwa mara moja. Rangi iliyokwisha kukauka inawezaje kuhama?

Mwanzisha mada

Swali zuri, na jibu lake linastahili nafasi, kwa sababu njia hiyo hubadilisha namna ya kufikiri.

Akriliki ni chembe za polima zilizo ndani ya maji. Maji yakitoka, chembe hushikana na kuwa ngozi ambayo maji hayaiyeyushi tena. Ngozi hiyo haijishikizi sana kwenye uso laini wa jeli, bali hujishikiza vizuri kwa akriliki mbichi. Ukipaka utando wa rangi mbichi juu ya matabaka makavu, ukaweka karatasi na kuisubiri dakika kumi na tano au ishirini, rangi hiyo ya mwisho huwa gundi inayoyabeba yote.

Angalia sasa kinachotokea. Tabaka lililogusa bamba kwanza ndilo litakalokuwa mbele kabisa kwenye karatasi, na lile la mwisho litakuwa nyuma kabisa. Tuseme unataka kangaga ya kijani kilichoiva mbele, miviringo ya chungwa nyuma yake, na uwanja wa nyeupe. Unaanza na kijani: unakipaka kwenye bamba, unalaza kangaga, na kwa karatasi ya ziada unaiondoa rangi yote iliyoizunguka. Ukiinyanyua kangaga, umbo lake la kijani lenye mishipa linabaki peke yake kwenye bamba. Unaliacha likauke. Kisha unaweka stensili ya miviringo na kugonga chungwa kwa sponji, hata juu ya kangaga, bila hofu, kwa kuwa chungwa hilo litakaa nyuma. Likikauka unapitisha nyeupe kwa rola, unaweka karatasi na kusubiri. Wakati wa kuibandua, anza pembe moja na uchungulie: ukiona ngozi ya rangi inang'ang'ania bamba, rudisha karatasi, isugue hapo kwa kidole, uongeze dakika chache. Itakapotoka, chungwa litaonekana ndani ya mishipa ya kangaga, mahali ambapo hakuna brashi ingeweza kulifikisha.

Kumbuka pia kwamba picha hugeuka kulia na kushoto. Kwa jani si neno, kwa maandishi ni jambo kubwa.

Mpishi wa Jeli

Kwa wasio na bamba la kununua, la jelatini na glisarini hutoa mishipa vizuri vilevile, na mimi nalipendelea kwa ulaini wake. Glisarini hulizuia lisikauke upesi. Likichanika au kujaa mikwaruzo nalikata vipande, naliyeyusha kwa moto mdogo bila kulichemsha, nalimimina upya kwenye sinia bapa, na mapovu ya juu nayakusanya kwa ukingo wa karatasi kabla halijaganda. Lisiachwe juani.

Mtunza Chapa

Nitazungumzia kinachofuata baada ya kuchapa, kwa kuwa nimeona kazi nzuri zikipotea kabatini.

Karatasi iwe na uso laini. Gramu 120 hadi 200 kwa mita ya mraba zinatosha kwa matabaka mengi. Yenye uso wa kung'aa kama ya kuchapia picha isiguse bamba, kwa maana huweza kunasa na kung'oa jeli. Ili kila tabaka liangukie mahali pake, nachora mipaka ya bamba na ya karatasi kwenye ubao, naweka kioo juu, na bamba juu ya kioo, kisha ukingo mmoja wa karatasi naushikiza kwa utepe wa karatasi ili ifunguke na kufungwa palepale.

Chapa iliyokauka kwa kuguswa bado haijakomaa. Ukizipanga zikigusana uso kwa uso, hasa wakati wa joto au chini ya uzito, zitashikana, na ukizitenganisha ngozi ya rangi ya moja itahamia kwa nyingine. Kati ya kila mbili naweka karatasi ya kuokea. Anayetaka kuitia chapa kwenye fremu ya kioo aweke kadi pembeni ili pawe na nafasi, kwa sababu akriliki ikikandamizwa na kioo hunata, na sehemu zinazonata kwanza ni zile nene, yaani palepale matabaka yanapokutana.