Draiva mpya, niendelee na ya zamani, au ninunue kadi nyingine? (Malindi)

Kaskazi_Mld: Salaam wanajukwaa. Draiva mpya ya kadi ya grafiki, ile programu inayoiendesha kadi, imetoka. Gemu zangu zote zinakwenda vizuri na hii ya zamani, ila moja mpya inagoma kufunguka. Niweke mpya, niiache ilivyo, au nichukue kadi ya mtumba, RX 580 ya AMD? Kuna jamaa Mombasa anauza na hangoji.

fundi_barani: Kadi gani? Gemu gani? Draiva namba ngapi? Tusaidie tukusaidie.

BintiNgala: Na pawa saplai wati ngapi? RX 580 peke yake hula kama wati 185 na hutaka waya wake wa moto kutoka pawa saplai.

Kaskazi_Mld: Kadi ni GTX. RAM 8.

fundi_barani: GTX ziko chungu nzima, kaka! Kama ni 1050 au 1060, NVIDIA wenye kuzitengeneza walifunga draiva zake za gemu Oktoba 2025. Zilizobaki ni za usalama tu, hadi Oktoba 2028. Kama ni 1650, bado umo.

mzee_wa_pei: Wanangu, msicheze na draiva bila UPS, ile betri ya kushika stima ikikatika. Nina chumba cha gemu, Maweni. Ramadhani iliyopita, alasiri, naapdeti ili vijana wakitoka tarawehe wakute mambo tayari. Ikafika nusu, stima ikaenda. Iliporudi, skrini nyeusi tii. Nikaingia seif modi, nikafuta kila kitu kwa DDU, programu ya kung'oa draiva, nikachomoa intaneti maana Windows ina kiherehere cha kujiwekea draiva yake yenyewe. Kisha nikashusha upya, megabaiti mia sita na ushei, bando la simu! Vijana wamejaa mlangoni, "Mzee bado?" Ikawaka, lakini mpira ukawa unakwama kila kona. Kumbe draiva mpya hutupa sheda za zamani, vile vijiprogramu vya kuchora picha, gemu inazipika upya. Mechi kadhaa, ikatulia.

BintiNgala: Pole mzee. Mimi naweka draiva ya NVIDIA ya Studio, nahariri video za harusi na gemu nacheza. Haijanisumbua.

fundi_barani: Dada, Studio na ya gemu ni ndugu. Ya Studio hupimwa zaidi na programu za kazi na hutoka kwa nadra, basi. Stima ikikatika haikuokoi.

Mshela: Woga una sababu. Machi 2010 NVIDIA walitoa draiva 196.75, feni za baadhi ya kadi zikawa haziongezi kasi, kadi zikapata moto. Wakaiondoa. Mimi draiva siigusi mpaka wengine watangulie.

fundi_barani: 2010! Humu kuna waliokuwa chekechea.

Mshela: Feni ni feni, shehe. Na kwa chumvi hii ya bahari…

Kaskazi_Mld: Nimefungua boksi. Ni 1050 Ti, na haina waya wowote wa moto.

fundi_barani: Basi draiva mpya usiitegemee kwa gemu hiyo. Na RX 580 ni kuruka majivu ukakanyaga moto: tangu mwishoni mwa 2023 AMD wameitenga kwenye draiva zake za kando. Tena uulize kama ilichimba sarafu za mtandaoni.

BintiNgala: Zilizochimba zinafanya kazi tu, ninayo moja.

fundi_barani: Subiri kaskazi ikolee, utatuambia.

Kaskazi_Mld: Jamaa ameshusha bei. Mzee, UPS yako ulichukua wapi?

mzee_wa_pei: Mjini, ila betri imeshakufa. Nasikia Mombasa wanabadilisha betri peke yake, kuna anayepajua?