Chevelle SS ya 1970: nitajuaje ni SS ya kweli na sio Malibu iliyobandikwa beji?

Kijana_wa_Chumbageni

Wakuu habari zenu. Nipo Columbus, Ohio, mwaka wa 9 sasa, naendesha lori. Toka nimefika huku moyo wangu uko kwenye hizi V8 za Kimarekani za zamani, wenyewe wanaziita gari za misuli. Ilianza siku moja nimesimama kwenye taa, pembeni yangu ikaja Chevelle nyekundu, gari ya Chevrolet, ina mistari miwili myeusi kwenye boneti, aisee kioo cha pembeni cha lori kikawa kinatetemeka kwa ule muungurumo, na mzee wa watu hajakanyaga mafuta hata kidogo. Taa ikawaka kijani akaondoka taratibu, mkono dirishani. Kuanzia siku hiyo naweka akiba.

Sasa nimefikisha dola 38,000, mke wangu anajua na ameridhia, mambo ya nyumba na ada za watoto yametangulia. Nimeona tangazo la Chevelle SS 396 ya 1970 (SS ni toleo la nguvu, Malibu ndio la kawaida, 396 ni ujazo wa injini), mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwangu, anataka 41,000 na anasema tunaongea. Picha zinang'aa, rangi mpya, beji za SS mbele na nyuma. Nikiuliza makaratasi ananiambia yalipotea zamani ila mtaa mzima unajua hii ni SS. Nataka kwenda Jumamosi na hela lakini moyo unasita. Mwenye uzoefu anisaidie, niangalie nini?

FundiBodi_Houston

Mkuu hela iache nyumbani. Nenda na tochi, sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa isikwaruze rangi, na nguo za kulala chini.

Anza na namba ya chesisi, iko juu ya dashibodi upande wa dereva unaisoma kupitia kioo cha mbele. Chevelle ya 1970 namba ikianza na 136 ni Malibu iliyotoka kiwandani na V8, ikianza 135 ilitoka na silinda sita, hapo hakuna mjadala sio SS, salimia watu urudi nyumbani. Ila nisikilize vizuri, 136 HAITHIBITISHI SS, na hapa ndipo watu wanapopigwa. Kuanzia 1966 mpaka 1968 SS 396 ilikuwa na namba yake yenyewe, 138, ukiiona hiyo umemaliza kazi. 1969 wakabadilisha, SS ikawa pakeji ya kuongezea tu, kwahiyo ukija 1970 Malibu ya mama wa kwenda sokoni yenye injini 307 na SS yenye 396 zote zinasoma 136. Na bahati mbaya 1970 ndio mwaka unaopendwa kuliko yote, kwahiyo ndio unaoghushiwa kuliko yote.

Kinachothibitisha ni ile karatasi ya kiwandani ambayo wafanyakazi walikuwa wanaifuata wakati wa kufunga vifaa. Pakeji ya SS 396 inaandikwa Z25, ya SS 454 ni Z15. Mara nyingi karatasi waliiacha juu ya tenki la mafuta au kwenye springi za kiti cha nyuma. Mimi nimewahi kushusha tenki la Chevelle ya mteja nikaikuta, imekauka imekuwa kahawia kama jani la tumbaku, kona moja imeliwa na panya, lakini Z25 inasomeka. Mwenye gari alikuwa ameachiwa na marehemu baba yake na watu walishamwambia sio SS. Alikaa chini kwenye sakafu ya gereji akalia. Muulize huyo muuzaji kama tenki limewahi kushushwa.

Bila karatasi, lala chini. Difu ya SS ya 1970 mfuniko wake una bolti 12, Malibu za kawaida 10. Hesabu kwa kidole. Breki za mbele ziwe diski. Hivyo vitu mtu anaweza kuvifunga baadaye, kwahiyo vikiwepo havitoshi kuthibitisha, lakini vikikosekana anatakiwa akupe maelezo ya maana.

Halafu injini, mbele ya bloku upande wa abiria kuna sehemu bapa imegongwa herufi na kipande cha namba ya chesisi. Mulika tochi kwa ubavu. Kiwandani pale palipitishwa mashine, inaacha mistari myembamba iliyonyooka kama umepitisha kitana. Ukikuta pamelainika kama kioo ujue kuna mtu amesaga akagonga namba zake.

Mama_wa_GTO

Mdogo wangu FundiBodi amekupa dawa, mimi naongezea kutu. Wewe uko Ohio, barabara zinamwagwa chumvi kila baridi, gari ya miaka 50 iliyoishi huko na rangi mpya inanitia wasiwasi kuliko gari chakavu ya Arizona iliyopauka na jua. Mimi nipo Phoenix na nina GTO ya Pontiac ya 1967 yenye injini 400, lakini kabla ya hiyo nilinunua Mustang ya 1966 kwa mtu, rangi nzuri ajabu, nimeendesha wiki moja mvua ikanyesha maji yakaniingia miguuni. Ile sehemu yenye matundu chini ya kioo cha mbele ndani ilikuwa imeoza yote, na kuitengeneza unakata na kuchomelea upya. Nilitumia hela nyingi kuliko niliyonunulia. Siku hizi kabla ya kulipa natia maji pale naangalia zulia.

Kwenye Chevelle angalia chini ya kioo cha nyuma, sakafu ya buti, na ubavu nyuma ya tairi za nyuma. Pitisha sumaku, isiposhika hapo ni puti.

Na nikwambie kwanini watu wanalilia 1970, sio umbo peke yake. Mnajua GTO ya 1964 ilizaliwa kwa ujanja, GM, wenye Chevrolet na Pontiac, walikuwa na sheria injini za gari za saizi ya kati zisizidi inchi za ujazo 330, akina John DeLorean, mhandisi mkuu kule Pontiac, wakaipitisha injini ya 389 kama nyongeza ya hiari kwenye gari yao ya Tempest. Baadaye kikomo kikawa 400, na 1970 wakakiondoa, ndipo Chevelle ikapata 454 na ile 454 kali iitwayo LS6 ya hospawa 450. Mwaka mmoja tu! 1971 GM wakashusha mgandamizo wa injini zao ziweze kutumia mafuta yenye risasi kidogo, bima nazo zilikuwa zimeshapanda kwa vijana, na 1973 mafuta yenyewe yakawa foleni. Mlango ulifunguka ukafungwa.

Ila hospawa za zamani msizilinganishe na za leo, zilipimwa injini iko mezani haina eksozi ya gari wala vifaa inavyovizungusha, 1972 ndio wakabaki kutangaza kipimo cha injini ikiwa na vifaa vyake.

Baharia_254

Hivi mtu akinunua anaweza kuileta Mombasa?

FundiBodi_Houston

@Baharia_254 Kenya gari ikizidi miaka 8 na stelingi ipo kushoto ni kesi ngumu, ulizia kwanza kwa wanaohusika kabla hujatoa hata senti.

Kijana_wa_Chumbageni

Wakuu nimerudi. Nimeenda Jumamosi bila hela kama mlivyosema. Namba inaanza 136. Nikalala chini, bolti za difu nimehesabu mara tatu, kumi. Ubavu wa nyuma kulia sumaku ilianguka chini kabisa, haikushika hata kidogo. Muuzaji akanyamaza, baadaye akasema na yeye aliuziwa hivyo hivyo. Sikugombana naye, nilimuonea huruma.

Ila njiani kurudi nimesimama kujaza mafuta nikaongea na mzee mmoja, ana Malibu ya 1970 ya kijani, 307, otomatiki ya gia mbili, hana beji yoyote. Mkewe ndiye aliyeinunua ikiwa mpya. Ananiambia 24,000. Niikimbie kwa kuwa sio SS?

Mama_wa_GTO

Usiikimbie! Bodi ni ile ile, mistari ile ile iliyokushika siku ile kwenye taa. Injini na giaboksi vinabadilishika, spea zake zipo kila kona, lakini bodi nzima yenye historia huwezi kuinunua dukani. Ukiichukua, tafuta bima ya gari za kale ile mnayokubaliana thamani mwanzoni, na uliza ilikuwa inalala wapi wakati wa baridi.

FundiBodi_Houston

Nakazia. Na kama breki za mbele ni dramu, hiyo ndio kazi ya kwanza kabla ya hospawa, ukibana mara mbili mfululizo kwenye mwendo zinachemka na pedali inakuwa ngumu gari haisimami. Weka diski halafu ndio uanze kuota 396.

Kijana_wa_Chumbageni

Nimempigia. Ilikuwa inalala gereji kuanzia Novemba mpaka Aprili kila mwaka, mkewe alikuwa hataki iguse chumvi. Ana risiti zote kwenye bahasha na funguo zote mbili za kiwandani. Amesema nije Jumapili baada ya ibada, mke wangu anataka kuja pia. Sumaku na tochi viko kwenye begi tayari.