Mjadala: Je, Florida State walidhulumiwa msimu wa 2023?

Binti Tallahassee

Ndugu zangu, jana nimemsikia tena mtu akidai kwamba Florida State hawakustahili kuwamo katika timu nne za mchujo wa ubingwa wa mpira wa Kimarekani (American football) wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka 2023, nami nimeshindwa kunyamaza. Timu ile ilicheza mechi 13 ikashinda zote 13. Iliifunga Louisiana State (LSU) 45 kwa 24, ikaifunga Clemson ugenini katika muda wa nyongeza, ikatwaa ubingwa wa ACC, ligi yake ya vyuo. Halafu Jumapili ya tarehe 3 Desemba kamati ya uteuzi ikazitaja Michigan, Washington, Texas na Alabama, na Florida State ikawekwa ya tano, ilhali Alabama walikuwa wamekwisha kufungwa na Texas nyumbani kwao mwezi Septemba. Siku hiyo nilikuwa nakaanga maandazi huku simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, na jina la Alabama lilipotajwa nililisahau karai mpaka moshi ukajaa nyumba nzima. Ikiwa kushinda mechi zote hakutoshi, mechi zinachezwa kwa ajili gani?

Mzee Kigoda

Binti yangu, pole kwa maandazi, lakini umeruka jambo ambalo kamati haikuweza kuliruka. Kwotabaki wenu, yaani mrushaji mkuu wa mpira, Jordan Travis, aliumia mguu tarehe 18 Novemba dhidi ya North Alabama, na taratibu za kamati zinaruhusu wazi kuzingatia majeruhi. Msaidizi wake, Tate Rodemaker, naye akaumia kichwa katika mechi ya Florida, kwa hiyo fainali ya ACC mjini Charlotte dhidi ya Louisville ikaachiwa Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza, aliyepata yadi 55 tu za pasi katika mchezo mzima. Timu iliyoifunga LSU haikuwa tena timu iliyofika Desemba. Watu wa Florida State mnapenda kulia kuliko kuhesabu.

Binti Tallahassee

Shikamoo, Mzee, na baada ya salamu naomba uniambie ni wapi nimelia. Mtu akidai haki yake huambiwa analia, na akinyamaza huambiwa ameridhika. Mimi nimetaja matokeo, wewe umejibu kwa tabia za watu.

Nyangumi wa Tanga

Mzee Kigoda anasema kweli kuhusu Charlotte, kwa kuwa mchezo ule ulikuwa mchungu kuutazama, lakini naona amesahau kwamba walishinda 16 kwa 6, na kwamba ukuta wao ulimwangusha kwotabaki wa Louisville mara nyingi mno hata nikamwonea huruma. Kisha kuna Ohio State ya mwaka 2014. Kama kumbukumbu yangu ni sahihi, hao waliingia mchujo wakiwa na kwotabaki wa pili, wakatwaa ubingwa.

Mwana wa Uvira

Si wa pili, Nyangumi, ni wa tatu. Braxton Miller aliumia kabla ya msimu kuanza, J.T. Barrett akaumia katika mechi ya Michigan, na Cardale Jones akaichapa Wisconsin 59 kwa 0 katika fainali ya ligi yao, kisha akazifunga Alabama na Oregon. Umekosea kwa namna inayoisaidia hoja yako.

Shabiki wa Tuscaloosa

Hiyo 59 kwa 0 ndiyo jibu lenyewe, kwa maana Jones alionyesha kwamba timu haikupungua, lakini Glenn hakuonyesha hivyo. Alabama kwa upande wao waliifunga Georgia, iliyokuwa imeshinda mechi 29 mfululizo, 27 kwa 24. Na Georgia hao hao walipokutana na Florida State katika Orange Bowl, mechi ya mwisho wa msimu iliyo nje ya mchujo, tarehe 30 Desemba, matokeo yalikuwa 63 kwa 3. Wachezaji wenu nyota walikuwa wamegeuka wakimbizi, wameiacha timu kabla ya vita. Timu yenye watu wa namna hiyo ingefanya nini mbele ya Michigan?

Mwana wa Uvira

Mimi sikuwa na nia ya kuendelea, lakini neno hilo limenigusa. Nimekuwa mkimbizi miaka kumi na moja, nikilala chini ya turubai kabla ya kuletwa Marekani, na sijawahi kumwona mkimbizi aliyeondoka kwao kwa sababu amenuna. Mtu hukimbia kile kitakachomharibu. Ukilitumia neno hilo kumtukana mtu, kwanza ujue maana yake.

Binti Tallahassee

Asante, kaka. Na kwa wasiojua, wachezaji zaidi ya ishirini hawakucheza Orange Bowl, wengine kwa majeraha, wengine kwa kuhama chuo, wengine kwa kujilinda kabla ya kuchaguliwa NFL, ligi ya kulipwa. Mechi ile haikuwa na ubingwa ndani yake. Kamati ndiyo iliyouondoa.

Mzee Kigoda

Hapo sasa nitapingana nanyi nyote. Mtu amevaa jezi miezi minne, amekula chakula cha chuo, amesomeshwa, halafu mechi ya mwisho anakaa pembeni akiwa mzima wa afya huku wadogo zake wanafungwa 63. Zamani tuliita jambo hilo kususa, na aliyesusa hakugawiwa nyama.

Mwana wa Uvira

Mzee, kwa heshima zote, mtazame Travis mwenyewe. Aliumia akicheza dhidi ya timu ambayo hata bila yeye wangeifunga. New York Jets, timu ya NFL, walimchagua mwaka 2024, mguu ukakataa kupona sawasawa, na mwaka 2025 akatangaza kustaafu bila kucheza mechi hata moja ya NFL. Jared Verse, aliyekaa pembeni Orange Bowl, alichaguliwa wa 19 na Rams, timu nyingine ya NFL, na msimu huo huo akatunukiwa kuwa mlinzi bora miongoni mwa wachezaji wapya wa ligi hiyo. Kama ungekuwa baba wa mmoja wao, ungemshauri acheze?

Mzee Kigoda

Ningemshauri acheze. Na wala sikuulizwa kuhusu watoto wangu.

Nyangumi wa Tanga

Tumefika mbali na swali. Travis aliandika siku ile kwamba alitamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi, ili watu wapate muda wa kuona kwamba timu haikuwa yeye peke yake. Kijana aliyelala na mguu uliovunjika anaomba radhi kwa tarehe ya kuumia kwake! Hilo ndilo lililoniudhi mimi, kuliko hizo nafasi za nne na tano.

Shabiki wa Tuscaloosa

Maneno ya kusikitisha hayabadili msimamo wa timu. Mwaka uliofuata, Florida State ile ile na kocha yule yule, Mike Norvell, walishinda mechi 2 wakafungwa 10.

Binti Tallahassee

Msimu wa 2024 hauwezi kuwa ushahidi wa msimu wa 2023, labda kama kamati yenu ilikuwa na mpiga ramli. Tukianza kubashiri, nami nitakumbusha kwamba wiki moja kabla ya kuifunga Georgia, Alabama walikuwa ugenini kwa Auburn wakiwa nyuma, wamebaki na jaribio la mwisho na yadi 31 mbele yao kufika mstari wa kufunga, na muda uliosalia haufiki dakika moja. Kwotabaki wao Milroe akaurusha mpira, mwenzake Bond akaudaka kwenye kona. Ungemponyoka, tusingekuwa hapa.

Shabiki wa Tuscaloosa

Haukumponyoka. Kuhusu neno «wakimbizi», nalifuta kwa ajili ya ndugu yetu wa Uvira, na ninamwomba radhi, kwani sikulipima. 63 kwa 3 silifuti.

Mzee Kigoda

Binti yangu, marahaba. Nimekumbuka sasa kwamba sikuitikia.