Tupeane uzoefu: bunduki za vijipira vya sponji za bei nafuu, ipi inafaa pesa yake?

Mama Watatu, Mwanakwerekwe
Assalaam alaykum wapendwa. Sikukuu hiyo inakuja na wanangu washaanza kudai bunduki. Nasema zile za vijipira vya duara vya sponji, si za mishale. Mwaka jana nilinunua mbili. Moja elfu 12, ya kusukuma mpini kama pampu ya baiskeli. Nyengine elfu 35, ya kukoki, ina springi ndani. Ya springi ilirusha mpira kutoka mlangoni mpaka ukuta wa uani, watoto wakaigombania, lakini siku ya tatu ikawa inatema mpira miguuni. Ya pampu haifiki nusu ya hapo, ila mpaka leo nzima. Nyinyi mmeonaje?

Fundi Redio, Chake Chake
Waalaykum salaam dada. Kila sikukuu ikimaliza naletewa hizo, zimejaa mchanga wa Tibirinzi, kwenye uwanja wa sikukuu. Mara nyingi springi haina kosa. Ni raba ya pistoni, kile kipande cha ndani kinachosukuma hewa: imekauka au imeshika mchanga, hewa inavuja pembeni, mpira hausukumwi. Naifungua, naifuta, natia tone la mafuta ya silikoni. Msitie mafuta ya mgando ya kujipaka, yanaiharibu raba.

Jengine, watu huangalia bunduki, mpira hawauangalii. Ukiwa mdogo kuliko mtutu, hewa inaupita. Ukiwa mkubwa, unakwama. Vijipira vya Nerf Rival, aina ya bunduki hizi iliyotoka 2015, vina upana wa milimita 22 hivi, na X-Shot Chaos, ambayo bei yake ni nafuu zaidi, inakula vijipira hivyo hivyo. Nyingi za bei ya chini kabisa zina saizi yao peke yao. Mipira ikiingia mtaroni, basi tena. Na usiiache ndani ya bunduki miezi, inabonyea na haiendi sawa.

Ami wa Jang'ombe
Mwanangu ana ya betri. Magurudumu mawili ndani yanaubana mpira na kuutupa. Inapiga mfululizo, lakini kelele, na betri kila mara. Sinunui tena.

Bibi wa Wete
Wanangu, mjukuu wangu alipigwa jichoni kwa karibu. Jicho lilikuwa jekundu siku mbili, nikakosa usingizi. Alhamdulillah anaona vizuri.

Fundi Redio, Chake Chake
Pole sana bibi. Hizo Rival hutoa mpira kwa kasi ya kiasi cha mita 30 kwa sekunde. Kwa mtoto wa miaka mitano ya pampu yatosha, na miwani ya kukinga macho avae yoyote anayecheza.

Mama Watatu, Mwanakwerekwe
Bibi, nimelishika hilo. Leo nimekwenda Darajani na vijipira vya nyumbani mkobani, nikaomba kujaribu mitutu mitatu. Mmoja tu ulikubali: nimeuinamisha, mpira haukudondoka, wala sikuusukuma kwa nguvu. Ya pampu, elfu 15, na miwani mitatu. Fundi, hayo mafuta naulizia wapi?

Fundi Redio, Chake Chake
Maduka ya vipuri vya gari, dada. Soma chupa, iwe imeandikwa silikoni.