MREJESHO: Klabu ya sataranji Tanga, wageni walikuwa hawarudi

Wakuu, asanteni. Swali lilikuwa namna ya kuwafanya wageni warudi klabuni, tukiwa na mbao sita na saa moja tu ya kupimia muda wa wachezaji.

Uliosaidia zaidi ni ushauri wa kuanza na kete za askari peke yao: wanane kila upande, wa kwanza kufikisha mmoja mstari wa mwisho ameshinda. Mgeni anacheza muda huohuo aliofika, hakalishwi kusikiliza somo. Baadaye anaongezewa mfalme, kisha ngome. Farasi mwisho kabisa, maana ndiye anayewakatisha tamaa.

Saa: programu ya simu inatosha, ila washa hali ya ndege. Simu ikiita katikati ya mchezo, ugomvi hauishi leo.

Mashindano tumeyaendesha kwa mfumo wa Uswisi (hakuna anayetolewa, kila raundi unapangiwa mwenye pointi zinazokaribiana na zako), raundi tano, dakika 10 kwa kila mchezaji na nyongeza ya sekunde 5 kwa kila hatua. Hata mchezo wa hatua 60 kila upande hauzidi nusu saa, kwa hiyo watu wako nyumbani kabla ya magharibi. Idadi ikiwa witiri, asiye na mpinzani anapata pointi 1, lakini asipumzishwe mara mbili.

Kilichogoma ni kupeleka ubao mmoja kwenye kijiwe cha drafti. Wazee waliutazama ubao, wakasema mchezo unachelewa, wakarudi kwenye visoda vyao. Ubao tumeuhamishia kwa kinyozi, ambako watu wanasubiri zamu, na pale unachezwa. Shule tuliyoiandikia barua bado haijajibu.