Dozi ya H. pylori imegoma, niongeze antibayotiki gani?

Kiungulia: Wakuu, naomba msaada. Nilikutwa na H. pylori, bakteria wa tumboni, nikapewa dawa za siku 14: klarithromaisini miligramu 500 mara mbili kwa siku, amoksilini gramu 1 mara mbili, na omeprazoli ya kupunguza asidi asubuhi na jioni. Nimezimaliza bila kuruka hata kidonge. Nimepima tena, bado ninao. Mdudu amekuwa sugu, sina shaka. Swali ni moja tu: dozi ya pili niweke antibayotiki gani kali zaidi? Nimesoma analeta saratani, usingizi umekata.

Chaza: Tuanze na saratani. Ni kweli, tangu 1994 H. pylori yumo kwenye orodha ya visababishi vya saratani, ila wengi walio naye hawaipati, na inapokuja huchukua miaka mingi. Wiki chache za kupanga tiba vizuri hazitakudhuru. Haraka ni ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, ukikonda bila sababu au chakula kikikwama kooni. Hapo funga simu uende hospitali.

Pilipili Kichaa: Shemeji yangu alikuwa na hao hao wadudu, sasa yeye akaanza…

Mzee wa Dozi: Shemeji tumwekee akiba. Kiungulia, miaka ya karibuni umemeza azithromaisini au erithromaisini? Na hicho kipimo cha pili kilikuwa cha pumzi, choo au damu?

Kiungulia: Azithromaisini ndiyo, nilipougua kifua, zaidi ya mara moja. Lakini hiyo ni ya kifua, hapa tunaongelea tumbo. Kuhusu kipimo, maabara ni ya kuaminika.

Mzee wa Dozi: Sijauliza maabara, nimeuliza kipimo. Na dawa ya kifua haiishii kifuani. Azithromaisini na klarithromaisini ni ukoo mmoja, zote hushika ribosomu ya bakteria, yaani kiwanda chake cha protini, mahali pale pale. Jeni ya 23S, inayounda sehemu ya ribosomu hiyo, ikibadilika herufi moja tu, mara nyingi nafasi ya 2142 au 2143, dawa haishiki tena, na kuongeza miligramu hakusaidii. Azithromaisini peke yake haimmalizi huyu mdudu. Inaua walio dhaifu na kuwaachia uwanja wenye badiliko hilo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilimtaja H. pylori sugu kwa klarithromaisini miongoni mwa bakteria wanaohitaji dawa mpya. Metronidazoli, antibayotiki nyingine ya mdudu huyu, ina tabia tofauti: usugu wake unaweza kushindwa kwa kiasi fulani dozi ikipandishwa na siku zikitosha. Kwa amoksilini na tetrasaiklini, usugu bado ni nadra sehemu nyingi.

Kiungulia: Haya, kilikuwa cha damu. Lakini kimesema chanya, sasa tubishane na nini? Halafu nimeshanunua pakiti ile ile nikaongeza antibayotiki nyingine, levofloksasini, juu yake, nimeanza jana. Mlitaka nikae tu?

Mama Maabara: Kumbe! Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili ulitengeneza dhidi ya mdudu, hakitafuti bakteria. Kingamwili hubaki miezi, hata miaka, mdudu akiwa ameshakufa. Kwa hiyo hujui kama dozi ya kwanza ilishindwa. Unachotaka ni kipimo cha pumzi cha urea au antijeni ya choo (vipande vya mdudu mwenyewe), angalau wiki 4 baada ya kidonge cha mwisho cha antibayotiki, na omeprazoli uwe umeiacha wiki 2. Omeprazoli huwapunguza wadudu bila kuwamaliza, kipimo kikadanganya kwamba wameisha. Kwa dozi uliyoanza, hizo wiki 4 zinahesabiwa upya. Rudi leo kwa aliyekuandikia, usiendelee wala kuacha kwa kura ya uzi huu.

Pilipili Kichaa: Mnachezewa nyie. Mara pumzi, mara damu, na jina lenyewe Kiungulia! Subirini, ataingia mtu aliyejiunga leo aseme kapona kwa chupa mbili za unga wa mizizi. Mkuu, kama kweli ulimaliza dozi, ulimi wako uligeuka rangi gani?

Kiungulia: Rangi gani tena? Ulikuwa wa kawaida. Mdomo tu ndio ulikuwa mchungu kutwa, hata maji hayapiti vizuri.

Mama Maabara: Kapita. Ulimi mweusi ni wa bismathi, dawa ya madini inayotumika kwenye dozi nyingine za H. pylori, na dozi yake haikuwa na bismathi. Uchungu wa mdomo ni klarithromaisini hiyo.

Pilipili Kichaa: Nilikuwa namsubiri aseme mweusi. Bado namwangalia.

Mzee wa Dozi: Awe wa kweli au wa kutunga, wasomaji wapo. Kipimo sahihi kikionyesha bado yupo, uliza kuhusu dozi ya bismathi ya siku 14: omeprazoli mara 2, nusu saa kabla ya kula, bismathi mara 4, tetrasaiklini miligramu 500 mara 4, metronidazoli miligramu 500 mara 3 au 4. Inayoharibika zaidi hapo ni tetrasaiklini. Ukiimeza na maziwa, vidonge vya chuma au kalsiamu, madini yanaishika na haifyonzwi. Meza na glasi nzima ya maji ukiwa wima, maana ikikwama huchoma umio. Mjamzito na mtoto chini ya miaka 8 hawapewi. Ukiambiwa imeisha chukua doksisaiklini, kataa, haifui dafu kwa huyu. Bismathi nayo hufanya choo kiwe cheusi, lakini kikinata na kunuka vibaya, au ukipata kizunguzungu, usikisie. Levofloksasini usiiguse kiholela: usugu wake huja upesi, na inaweza kukata kano za misuli.

Kiungulia: Nimerudi. Daktari kasimamisha zote mpaka kipimo cha choo. Sasa klarithromaisini imebaki karibu pakiti nzima na mdogo wangu anakohoa. Nimpe?

Mama Maabara: Usimpe! Kikohozi kingi ni cha virusi, na mnaoishi nyumba moja mara nyingi mna H. pylori yule yule, kwa hiyo utamfuga sugu kwake pia. Irudishe duka la dawa wakaiteketeze.