Kamera nne, shilingi 36,500, na uso wa mwizi wangu ni vidoti saba

Wadau, naandika nikiwa moto, kwa hivyo nikiruka huku na huku mtanivumilia.

Usiku wa kuamkia Jumatano mtu aliruka ukuta wangu hapa Utawala, akafungua mtungi wa gesi wa kilo 13 uliokuwa nje nyuma ya jikoni, akauweka begani, akapita mbele ya veranda taratibu kama mtu anayetoka kwa shemeji yake. Kwenye gari akautua kidogo, akang'oa vioo vya pembeni vyote viwili. Halafu akafungua geti kwa ndani, akatoka, akalirudishia. Mwizi mwenye adabu. Ilikuwa kama saa tisa. Saa hiyo naijua kwa sababu ya mbwa wa jirani, si kwa sababu ya kamera, na nitafika hapo. Nilimsikia yule mbwa. Nikageuka upande wa pili nikalala, maana si nina kamera?

Nimepanga nyumba za watu miaka kumi na moja, Umoja kisha Donholm. Hapa ni pangu pa kwanza, ploti ya futi 50 kwa 100, na kamera nilinunua kabla ya mapazia.

Asubuhi nikafungua simu. Yupo! Kamera ya veranda imemchukua akienda getini, na alipofika akageuka akaitazama nyumba sekunde mbili nzima, uso mbele kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Nilipiga kelele hadi baba watoto akatoka bafuni na sabuni kichwani. Nikavuta ile picha karibu. Uso ukawa uji.

Kituoni nikaandikiwa OB, ile namba ya ripoti ya polisi, afisa akaomba video. Akatazama, akairudisha nyuma, akatazama tena.

"Mama, huyu ni mwanamume au mwanamke?"

Nikanyamaza.

"Na hii ni ya lini?"

Juu ya video imeandikwa 01-01-2000. Rekoda inayohifadhi video ina kabetri ka duara ka kutunza saa, na ka kwangu kalikuwa kamekufa tangu dukani. Stima ikipotea na kurudi, rekoda inarudi mwaka 2000. Stima huku hupotea lini? Afadhali niulizwe haipotei lini. Afisa hakunicheka. Alinihurumia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Sasa duka. Ni pale Luthuli Avenue, sitalitaja. Kijana wa kaunta hakuniuliza geti liko mbali kiasi gani na nyumba. Hakuuliza kama nje kuna taa, wala nataka kuona nini: mtu yupo, au mtu huyo ni nani. Aliniuliza, "Madam, unataka chaneli ngapi, nne au nane?" Nikasema nne. "Ful HD, madam, usiku inaona kama mchana." Akaandika FULL HD kwenye risiti kwa mkono wake. Kamera nne, rekoda, diski ya kuhifadhia video, waya, na fundi wa kufunga: 36,500. Nikalipa kwa M-Pesa nikijiona nimepata bei nzuri.

Kijana wangu yuko kidato cha tatu na hana heshima kwa vifaa vya watu. Alihamisha ile video kwenye kompyuta, akafungua maelezo ya faili, akaniita. "Mama, hawa walikuambia ni ful HD? Ful HD ni vidoti 1920 kwa 1080, yaani vile viraba vidogo vinavyojenga picha. Hii ni 960 kwa 1080. Ni nusu." Tukatoa boksi la rekoda chini ya ngazi. Ubavuni, kwa maandishi madogo kama ya dawa ya kikohozi: 1080N.

Hiyo N ndiyo iliyonila. Maana yake kamera inatuma picha nzima, lakini rekoda inahifadhi nusu tu ya vidoti vya upana. Ukicheza video, inaivuta ijaze kioo, na kwenye simu huwezi kujua chochote. Wanaouza wanajua. Hawakosi kujua. Kila boksi kwenye rafu yao lina herufi hiyo au halina.

Usiku tukafanya jaribio. Tepu ilisema kutoka kamera ya veranda hadi getini ni mita tisa. Kijana akasimama pale alipogeukia mwizi, nami nikachukua picha kutoka kwenye rekoda. Tukaikuza kwenye kompyuta mpaka vile viraba vikaonekana, nikahesabu kwa ncha ya kalamu kutoka shavu hadi shavu. Saba. Nikahesabu tena. Saba, ukiongeza masikio nane. Huyo ni mtoto niliyemzaa mimi, na ningeapishwa mahakamani nisingeweza kusema ni yeye.

Na hesabu yake si ya ajabu, ni ya darasani. Kamera zangu zina lenzi ya milimita 2.8, ambayo huwekwa karibu kwenye kila paketi kwa sababu inaonyesha eneo pana na mteja anafurahi dukani. Inafungua pembe ya kama nyuzi 100. Kwa umbali wa mita tisa, upana wa eneo inaloona ni kama mita 21. Gawanya vidoti 960 kwa mita 21: unapata 45 na ushee kwa kila mita. Uso wa mtu una upana wa sentimita kama 16. Saba hizo hapo. Kuna kipimo cha kimataifa cha mambo haya, IEC 62676-4. Toleo lake la 2014 lilisema vidoti 25 kwa mita vinatosha kujua kwamba kuna mtu, 125 vinatosha kumtambua unayemfahamu, na ili umtambue usiyemjua unahitaji 250. Mimi nilikuwa na 45. Nilinunua mashine ya kuniambia kuna mtu. Mbwa wa jirani anafanya hiyo kazi bure.

Kinachonichoma roho ni hiki. Jana niliingia duka la pili, nikiwa na hasira lakini na adabu, na yule bwana akaniambia dawa ni kununua za 4K. Nikatoa kalkuleta mbele yake. 4K ni vidoti 3840. Gawanya kwa mita zile zile 21: 180 hivi. Bado haifiki 250! Lakini kamera ya megapikseli 4, ambayo ina vidoti 2560, ukiiwekea lenzi ya milimita 6, eneo inaloona pale getini linabaki kama mita nane na nusu. 2560 kwa 8.5 ni 300. Inapita, na bei iko chini. Geti langu halikuhitaji kamera ghali, lilihitaji lenzi inayoona eneo jembamba, na katika maduka mawili hakuna aliyelitamka neno lenzi. Ukitaka kuona kiwanja kizima, sawa, 2.8 moja ibaki. Ya kuona uso ni nyingine, na inatazama mahali pamoja tu ambapo lazima mtu apite.

Fundi naye. Alikuja na ngazi ndefu na akaitumia yote: kamera ziko chini kabisa ya mabati, mita nne na nusu juu, "ili zisiibiwe, madam." Hazijaibiwa, kweli. Zinaona kofia. Mtu akikaribia nyumba, ambapo angalau uso ungepata vidoti vya maana, kinachoonekana ni utosi. Mita mbili na nusu hadi tatu zingetosha.

Waya wa kamera ya geti ulikuwa na tabia: mchana picha safi, ikifika saa moja jioni kamera inazima, inawaka, inazima, inawaka. Fundi kwa simu akasema ni "netiweki." Netiweki gani kwenye waya? Kijana alikwaruza kipande kilichobaki kwa kisu cha jikoni. Juu rangi ya shaba, ndani nyeupe. Alumini iliyopakwa. Usiku kamera inawasha taa zake za infraredi za kuonea gizani na kuvuta umeme zaidi, waya mwembamba wa namna hiyo unaupoteza njiani, volti 12 hazifiki, kamera inajizima. Ikizima taa zinazimika, umeme unatosha tena, inawaka. Mchezo huo mpaka alfajiri.

Kwenye viungo vya waya fundi alizungushia selotepu nyeusi ya umeme, akaviacha vinaning'inia nje. Kamera imeandikwa IP66, ndiyo, haipiti vumbi wala maji ya kurushwa kwa nguvu. Lakini hiyo IP66 ni ya mwili wa kamera, haihusu ule mkia wa nyuma. Nimefungua kiungo kimoja leo: kijani kibichi ndani, kutu ya shaba, na mvua za masika hata hazijachanganya. Kijisanduku cha plastiki cha kufunikia ni pesa ndogo sana.

Ile diski ya kuhifadhia video ni ya GB 500, imetolewa kwenye kompyuta ya zamani, stika ya mwenyewe bado iko. Kamera nne kwa megabiti 2 kwa sekunde kila moja zinakula kama GB 86 kwa siku. Siku tano na ushee, kisha inaanza kufuta. Ningekuwa mashambani wiki nzima nisingekuwa na hata ule uji.

Na lile lililonikosesha usingizi kuliko gesi: kwenye programu ya simu, mimi ni mgeni. Fundi alipokuwa akifunga alisajili rekoda kwa akaunti yake, kisha "akanishirikisha." Mwenye nyumba kwenye mfumo wangu ni yeye. Miezi minne mtu nisiyejua hata anaishi wapi amekuwa na uwezo wa kufungua simu yake na kuona watoto wangu wakianika nguo. Nywila ya rekoda yenyewe ilikuwa 123456. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na rekoda kwa maelfu mengi duniani kwa kujaribu tu nywila kama hizo za kiwandani. Nimefuta kila kitu na kusajili upya, lakini ilibidi nimbembeleze kwanza aniachilie kifaa. Nimbembeleze! Kifaa changu!

NYONGEZA, saa tatu usiku. Naona maswali, najibu ninayoweza.

Aliyeuliza kwa nini sikuchukua za Wi-Fi: nyumba ni ya mawe ya kukatwa na geti ni la chuma. Mawimbi yakifika getini yamechoka kuliko mimi. Nikianza upya nitavuta waya wa mtandao wa shaba tupu na kutumia PoE, waya mmoja unabeba picha na umeme, hadi mita 100.

Aliyesema tatizo ni stima: pia. Nimepima, kamera nne na rekoda ni kama wati 35. Betri ya volti 12, Ah 7, ina kama wati-saa 84, kwa hivyo hesabu saa mbili, na ikizeeka pungufu. Angalau rekoda haitarudi mwaka 2000 kila stima ikikatika. Kabetri ka saa nako nimebadilisha mwenyewe.

Anayepata tahadhari kwenye simu usiku kucha: panda ngazi uangalie kama kuna utando wa buibui mbele ya lenzi. Uzi mmoja ukipigwa na mwanga wa zile taa za infraredi unang'aa kama bomba la maji. Ufagio kila wiki mbili.

Jirani yangu, najua unasoma hapa. Ni kweli kamera namba tatu ilikuwa inatazama kamba yako ya nguo. Nimeigeuza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaachilia matumizi ya binafsi ya nyumbani, lakini Kifungu cha 31 cha Katiba kinakupa faragha yako, na hata bila Katiba wewe ndiye mwenye mbwa.

Na ninyi mnaosema nimwache fundi wa watu, alikuwa anatafuta riziki: hata mimi naitafuta, na 36,500 ilitoka humo humo.

Nilimpigia wa kaunta leo mchana. Amesema risiti imeandikwa bidhaa ikiuzwa hairudishwi, na kwamba kamera ni ful HD kweli, shida ni rekoda, na rekoda sikuuliza. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inasema kumdanganya mteja kuhusu ubora wa bidhaa ni biashara isiyo ya haki, na FULL HD ni mwandiko wake, sio wangu. Fundi ameingia mitini, ujumbe una tiki mbili za buluu tangu juzi.

Jumamosi asubuhi niko Luthuli na boksi, risiti, na picha ya kijana wangu getini niliyochapisha kwa karatasi ya A4. Nitaiweka juu ya kaunta mbele ya wateja na kumwomba aniambie huyo ni nani.